Namba Zilizo kwa Jina la Mjomba

Kijijini Nahipa, Thyolo
14 Februari 2021

Mpwa wangu Felisita,

Pokea salamu zangu, wewe na mumeo na watoto, na huyo mbwa wenu anayelala ndani kama mgeni wa heshima. Sisi huku tupo. Mvua imetutendea haki mwaka huu, mahindi yamefika kifuani, mbaazi tu ndizo zinasuasua. Mguu wa mama yako Eveta umepungua uvimbe, ulimi wake haujapungua kitu. Bado ananigombeza kabla sijanawa uso. Masikio yangu ni yaleyale. Simu ikilia naiona inatetemeka mezani, nikiipokea nasikia kama mtu anakaanga dagaa. Ndiyo maana nakuandikia, tabia niliyoipata Joni, Afrika Kusini, enzi za migodini, na barua nampa kondakta wa basi la asubuhi aiunganishe na la Lilongwe.

Sasa jambo lenyewe. Dada yako Zione, mtoto wa marehemu mama yako mdogo, ameondoka kwa mumewe Zomba. Amembeba Yamikani mgongoni na hakuaga mtu. Mumewe, Inspekta Kapesi, alifika hapa juzi na gari la kazini, akiwa na mfuko wa mbolea na sukari, akakaa mkekani kama mkwe anavyotakiwa kukaa. Anasema mtoto ana ugonjwa wa kifua, ule wa kubana pumzi, na dawa zake zimebaki nyumbani. Kikimshika huko alikopelekwa, atakufa mikononi mwa mama yake. Kapesi alilia, Felisita. Polisi mzima, analia mbele ya kuku wangu.

Mimi ndiye nkhoswe wa ndoa ile, mjomba anayeisimamia. Mimi ndiye niliyepeana kuku na mjomba wa Kapesi mbele ya kanisa zima, na ufa ukitokea ni mimi ninayeulizwa. Wewe unakaa kwenye kampuni ya simu, kwenye meza ileile wanayokuja polisi kuulizia namba za watu. Kapesi atakuja kwako. Mwambie simu ya Zione iko upande gani wa nchi. Mama yako aliipiga juzi, inaita, haipokelewi. Ni kazi ya dakika moja na utakuwa umeokoa mtoto.

Mjomba wako,
Saizi Mulihiwa


Lilongwe, Area 25
3 Machi 2021

Mjomba,

Nakuamkia nimepiga magoti, ingawa karatasi haionyeshi. Watoto hawajambo, mkubwa ameng'oa jino akalipanda kwenye kopo kama mbegu. Mume wangu anakusalimu. Mbwa anasema na yeye ana heshima zake. Mwambie mama asiache kuuinua mguu jioni.

Barua yako na mkwe wako vilifika karibu pamoja. Hakupita mapokezi. Alimwambia mlinzi kwamba yeye ni shemeji yangu, akapandishwa ghorofani akakaa mezani kwangu na kofia mkononi.

"Shemeji, mjomba ameshakwambia."

"Ameniambia. Hati ya mahakama iko wapi?"

Akacheka. "Mahakama ya nini, kwa mke wangu mwenyewe?"

"Kama ni mkeo, basi hiyo si kesi. Kama ni kesi, basi hapa si mkeo, ni mteja wetu."

Hakucheka tena. Akatoa karatasi yenye muhuri wa kituo na namba ya kesi, imeandikwa mtoto ameibwa na uhai wake uko hatarini, hivyo wanataka upesi mnara ambao simu ya Zione inashika, na watu wote aliozungumza nao tangu Krismasi.

Nataka uelewe kazi yangu, Mjomba, usidhani nakaa hapa kuringa. Polisi wakija, sisi tunataka hati ya hakimu. Tunataka wataje wanachotafuta, na tunawapa hicho tu, hatuwamwagii gunia zima. Uhai ukiwa hatarini kweli, tunaweza kutoa bila hakimu, lakini kwanza tunahakikisha. Tunapiga simu kituoni kwa namba tuliyo nayo sisi, si ile anayotupa yeye. Akitaja hospitali, tunauliza hospitali. Wewe unaijua desturi hii kuliko mimi. Mtu akiwa na neno na mke wa mwenzake, haingii moja kwa moja jikoni. Anapita kwa nkhoswe. Basi hakimu ndiye nkhoswe wa wateja wetu.

Nilimwambia bosi wangu, Bwana Mtaba, kwamba Zione ni dada yangu, kwa hiyo uamuzi si wangu na namba yake mimi sitaifungua. Kapesi aliondoka bila kitu. Naomba usinitumie mtu tena, Mjomba. Ukinituma mimi nitaitika daima.

Mwanao,
Felisita


Nahipa
20 Machi 2021

Felisita,

Salamu. Mama yako ni mzima. Mahindi yanaanza kukauka. Bibi harusi wa kwa Muheziwa amejifungua mapacha, mmoja amepewa jina langu, maskini wee.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Unanifundisha mimi maana ya nkhoswe? Unasema mtu apite kwa nkhoswe. Amepita! Alikaa mkekani kwangu! Mimi nikamtuma kwako, na wewe ukamrudisha kama mchuuzi wa mandazi. Tangu lini mtoto wa dada akamwambia mjomba wake alete hati ya hakimu?

Na mtoto? Kila usiku nikilala namwona Yamikani ametoa macho anatafuta pumzi. Nilimzika dada yangu, mama yake Zione, kwa ugonjwa wa kifua. Nilimshikia mto mgongoni apate kuhema. Wewe ulikuwa mdogo, ulipelekwa nje ucheze. Usiniambie habari za minara na mihuri.

Halafu unasahau jambo. Serikali iliposema kila namba ya simu iwe na jina la mtu, wanawake wote wa mbumba yangu hamkuwa na vitambulisho. Dada zangu na mabinti zao, nani aliwasimamia? Nilipanga foleni Limbe kutwa nzima, simu zenu ziko kwenye mfuko wa unga, nikazisajili zote kwa kitambulisho changu. Yule binti wa dukani akasema, "Mzee, una simu nyingi kama waziri." Nilitoka pale nimenyoosha mgongo. Wewe ulibadilisha yako ulipopata kazi, sawa. Lakini ya Zione bado inaitwa Saizi Mulihiwa. Kwa hiyo mteja wako unayemlinda dhidi yangu ni mimi.

Mjomba wako


Lilongwe
18 Aprili 2021

Mjomba,

Nakuamkia. Pasaka ilipita kimya, tulipika wali na kuku, tukakukumbuka maana hakuna aliyelalamika kwamba chumvi imezidi. Pole kwa jina kupewa pacha. Nasikia ndiye anayelia zaidi.

Nilivyofika kwenye neno lako la mwisho niliiweka barua chini nikatoka nje kupunga hewa. Nakuomba jambo moja kubwa: usimwambie Kapesi kwamba namba hiyo iko kwa jina lako. Usimwambie yeye wala mtu yeyote wa kwao.

Kuhusu mtoto, unaniandikia kama kwamba sina moyo. Ninao, na tangu barua yako ya kwanza haujatulia. Yaliyotakiwa kufanywa tuliyafanya, siku ileile. Tulichojibiwa ni cha mteja, si changu, na siwezi kukuandikia hata wewe. Lala usingizi, Mjomba. Zaidi ya hapo sisemi.

Mambo hapa hayakuwa mepesi. Kapesi alimtafuta mkubwa wake mmoja, naye akampigia Bwana Mtaba. Bwana Mtaba akaja mezani kwangu anafuta miwani.

"Felisita, mpe yule mtu chake tuishi kwa amani."

"Sawa, bosi. Niandikie hapa kwamba umeniagiza, uweke sahihi na tarehe."

"Ya nini tena sahihi? Si nimekwambia kwa mdomo?"

"Yule mama akipatikana amekufa, nitaulizwa nani aliagiza. Mdomo wako hawataufungua wauone."

Alivaa miwani akaenda zake. Jioni nikasikia anamwambia mtu kwenye simu kwamba kampuni yetu inaheshimu sheria na haitatoa kitu bila mahakama. Namshukuru Mungu kwa watu waoga wa kalamu.

Sasa na mimi nikuulize, kwa heshima. Nkhoswe husikiliza pande mbili. Kapesi umemsikiliza. Zione je? Aliwahi kuja kwako kabla hajaondoka?

Mwanao,
Felisita


Nahipa
9 Mei 2021

Felisita,

Sote wazima. Tumevuna. Mbolea ya Kapesi imefanya kazi, ghala limejaa mpaka tumeazima mapipa.

Onyo lako limechelewa. Nilishamwambia kuhusu jina, alipokuja Jumapili ya Pasaka. Alifurahi akanishika mikono yote miwili. Anasema mwenye namba anaweza kwenda dukani na kitambulisho chake akapewa orodha ya namba zote zilizopigiwa na hiyo simu, bila polisi na bila hakimu. Tukijua anampigia nani tutajua analala kwa nani. Anasubiri ruhusa kazini, kisha atanichukua kwa gari twende Limbe.

Namba ni yangu. Sijamwibia mtu.

Mjomba wako


Lilongwe
2 Juni 2021

Mjomba,

Salamu zangu leo ni fupi, nisamehe. Nataka barua hii iwahi basi la leo.

Mama amenieleza ulichokataa kunijibu. Alinipigia simu akanong'ona kama kwamba ungemsikia. Zione alikuja kwako kabla ya Krismasi, jicho limefumba, na kidole kimekaa upande. Mama alimchemshia maji. Wewe ulimwambia ndoa zote zina moshi, ukampa nauli ya kurudi Zomba. Alirudi. Nimekasirika, Mjomba, na sijui kukukasirikia, sikufundishwa. Wewe ndiye uliyenilipia shule kwa mbaazi zako.

Sasa sikiliza ninachokifanya na nisichokifanya. Nikitaka, naweza kuifunga namba hiyo nikiwa nimekaa hapahapa, nikaandika kwamba kuna hitilafu, na ukifika Limbe ukaambiwa mtambo ni mbovu. Hakuna ambaye angejua. Nimeshika kitufe hicho mara nyingi wiki hii. Sijakibonyeza. Nikiwadanganya wateja kwa ajili ya ndugu yangu, kesho Kapesi ataleta ndugu yake wa kukaa mezani hapa, na sitakuwa na neno la kumwambia.

Lakini barua yako ilinifungua macho. Mjomba, nchi hii nzima imesajiliwa kwa jina la mjomba mmoja au mwingine. Sheria zetu zote zinamtazama polisi anayeingia kwa mlango wa mbele, na mlango wa nyuma uko wazi mpana, umeshikiliwa na mzee wa watu mwenye kitambulisho. Nimelipeleka jambo hilo kwa Bwana Mtaba na wanasheria, bila kutaja jina lako wala la Zione, na tumekubaliana. Tangu wiki hii, mwenye jina akija kuomba orodha kwenye duka letu lolote, ataitwa chemba peke yake aulizwe kama simu hiyo anaitumia mwenyewe. Kama anaitumia mtu mwingine, haitolewi mpaka huyo mwingine akubali.

Basi ukienda utaulizwa swali hilo. Siwezi kukuzuia kudanganya, kwa sababu hakuna kitakachokupinga, jina ni lako. Kila kitu kitakuwa mdomoni mwako. Nakuomba, Mjomba.

Felisita


Nahipa
29 Agosti 2021

Mwanangu Felisita,

Salamu, na pole kwa ukimya. Nilikuwa kitandani Julai yote. Nimonia, wanasema. Mama yako aliniuguza kwa uji na matusi, na sijui ni kipi kilichonipandisha. Sasa natembea mpaka kisimani na kurudi. Watoto wamekua? Yule mpanda meno, limeota?

Barua yako ya Juni niliipata nikiwa nimeshaugua. Kondakta wetu alifiwa, mfuko wa barua ukakaa ofisini kwao Limbe. Nakueleza hili ili ujue kwamba siku ile nilikwenda bila kuisoma.

Kapesi alinichukua asubuhi, chiperoni inanyesha, manyunyu yale ya Juni yanayoingia mpaka kwenye mifupa. Nilivaa koti langu la Joni. Mama yako alisimama mlangoni hakusema kitu, na wewe unajua mama yako asiposema kitu. Niliketi mbele. Kapesi alikuwa mchangamfu, amenunua ndizi, ananimenyea. Nikamtazama nikasema moyoni, huyu ndiye mtu wanayemtuhumu.

Tulipopita Bvumbwe nikakumbuka.

"Baba, dawa ya mtoto umeibeba? Tukijua aliko leo, si tuipeleke moja kwa moja?"

Akasema, "Dawa gani?"

Nikamwambia ageuze uso niuone mdomo wake, nisije nikamwonea kwa ubovu wa masikio yangu. Akageuka. "Dawa gani, mjomba?" Kisha nikaona imemrudia. Ilimrudia kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha sufuria motoni. "Aa, ile. Ipo nyuma hapo."

Nikatazama nyuma, Felisita. Kulikuwa na koti na gurudumu la akiba.

Mpaka Limbe ndizi niliishika mkononi imeshamenywa, sikuila wala sikuitupa. Niliwaza usiku wote ule niliomlilia yule mtoto. Nilimfikiria dada yangu na mto. Huyu mtu alijua nilimzika dada yangu kwa kifua, nilimsimulia mwenyewe siku ya harusi, akaenda akauchukua msiba wangu akautumia kama funguo.

Dukani kulikuwa na binti mfupi mwenye miwani. Nilipotoa kitambulisho na kusema ninachotaka, akafungua mlango wa nyuma. "Mzee, pita huku, wewe peke yako." Kapesi akainuka.

"Mimi ni mkwe wake, hasikii vizuri."

"Mkwe atasubiri, baba. Hata angekuwa mkewe angesubiri."

"Unajua mimi ni nani?"

"Kiti kile kizuri zaidi, baba. Hiki kimevunjika."

Tulipoingia akafunga mlango akaanza kuniuliza kwa sauti ndogo ya siri. Sikusikia hata chembe. Akapandisha kidogo, nikamwonyesha masikio. Akaona akizidi kupandisha, siri itasikika mpaka sokoni. Akachukua karatasi akaandika: Namba hii unaitumia wewe mwenyewe? Kama anaitumia mwingine, anajua kwamba umekuja?

Akanipa kalamu.

Nilikaa na ile kalamu. Neno moja tu, na orodha ingetoka. Mlango ulikuwa na kioo cha ukungu, niliona kivuli cha Kapesi kinatembea huku na huku. Nikaandika: Siitumii. Anaitumia mtoto wa dada yangu. Hajui kwamba nipo hapa. Tafadhali msinipe.

Yule binti alisoma, akaikunja karatasi, akanipa maji ya kunywa. Halafu nikamwuliza, kwa mdomo sasa, pengine kwa kelele, namba ifanyweje iwe ya mwenyewe. Akaniletea fomu ya kuiachia. Zione ataenda duka lolote na kitambulisho chake waiandike kwa jina lake. Nikasema nipe fomu za zote. Zile zote za kwenye mfuko wa unga.

Nje Kapesi akaniuliza, "Wamekupa?"

"Wamekataa."

"Kwa nini wakatae? Jina si lako?"

"Nimewaambia kweli."

Hakunipiga. Kulikuwa na watu. Alisogeza uso karibu nisome vizuri akasema, "Mzee mjinga," akawasha gari akaniacha hapo. Nilitembea kwenye manyunyu mpaka kituo cha mabasi, na nimonia ikanipata njiani, lakini pumzi yangu mwenyewe ndiyo iliyobana, si ya Yamikani.

Nilipopata nafuu niliwaita wanawake wote wa mbumba. Niliwaambia waende na vitambulisho vyao wakachukue namba zao. Walicheka sana. Mama yako akasema, "Kumbe miaka yote hii nilikuwa naitwa Saizi!" Nilicheka pia, lakini nilipobaki peke yangu niliona nyumba imekuwa kubwa.

Mahindi ya mbolea yake bado tunayala. Kila nikimega nsima naiangalia kwanza.

Mjomba wako,
Saizi


Lilongwe
20 Septemba 2021

Mjomba wangu,

Nakuamkia nimepiga magoti, na safari hii mume wangu ameniona akaniuliza nimepoteza nini sakafuni. Jino halijaota. Mpandaji amehamia kwenye kupanda vifungo vya mashati. Nimekutumia blanketi kwa basi, lifunike kifua, usimpe mtu mwingine kwa wema wako.

Nililia niliposoma habari ya kalamu. Nililia ofisini, watu wanapita.

Makao makuu ya polisi wamejibu barua ya kampuni. Tuliwaandikia Machi kuuliza kuhusu ile namba ya kesi aliyoileta Kapesi, wakakaa kimya miezi sita. Sasa wamejibu kwamba kesi hiyo haimo katika vitabu vyao na wanalichukulia hatua. Hilo naweza kukwambia kwa sababu limeshafika kwenye kamati yao na jina lako limeombwa kama shahidi. Utaamua mwenyewe.

Kuhusu Zione, siwezi kukwambia kama amekwenda dukani au hajakwenda, wala namba imebadilika au haijabadilika. Unaweza kudhani nakuficha. Tangu Februari sijaifungua namba ya dada yangu. Iko kwenye kompyuta mbele yangu kutwa nzima, na naogopa kama mama mwingine yeyote, na sijui aliko. Siku akitaka nijue, atanipigia.

Swali langu la Aprili, kama Zione aliwahi kuja kwako, sitakuuliza tena.

Mwanao,
Felisita


Nahipa
7 Novemba 2021

Mwanangu,

Blanketi limefika. Najifunika nalo, na usiku Eveta analivuta upande wake kwa kisingizio cha mguu, kaka na dada wazee kama sisi tunagombania blanketi kwenye veranda. Mvua za kwanza zimegusa. Tunaanza kupanda.

Ile kamati nimeijibu. Nimewaandikia kurasa nne kwa mwandiko wangu wa Joni.

Nimekwenda kwa mjomba wa Kapesi, nkhoswe mwenzangu, nikiwa na kuku mkononi. Kuku tuliyepeana siku ya harusi tulishamla zamani, kwa hiyo nilinunua mwingine sokoni, jogoo, mkali kuliko yule. Kurudisha kuku si desturi, nimeitunga mwenyewe. Niliwakuta wamekaa kivulini, nikamweka miguuni pa yule mzee nikasema, "Ndoa ile nimeifunga mimi, na nimekuja kuifungua mimi. Mtoto wangu harudi." Alinitazama, akamtazama jogoo, akasema amekuwa akinisubiri tangu mwaka juzi. Mwaka juzi, Felisita. Yeye alikuwa anajua.

Nyumba ya marehemu dada yangu, mama yake Zione, ilikuwa imebaki kuta. Nimeiezeka. Nimeuza mahindi ya ile mbolea yote, kila gunia, nikanunua mabati. Sasa nsima tunayokula ni ya kununua na ina pumba, lakini siiangalii tena kabla ya kumega. Nimeweka mlango wa mbao nene, na komeo liko ndani.

Jana Kapesi alikuja. Hakuwa na gari. Hakuwa na sare. Mama yako alichukua mchi akakaa nao karibu, akijifanya anatwanga, na kinu hakina kitu. Kapesi hakukaa mkekani. Alisimama pale kwenye jua, amevaa shati la kawaida, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ni mtu mfupi.

"Yuko wapi, mjomba?"

"Sijui."

"Unajua. Wewe ndiye nkhoswe wake. Wewe na yule binti wa Lilongwe mnajua."

"Geuka uniangalie vizuri," nikamwambia. "Si ndiyo kazi yenu?"

Akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu, kama walivyofundishwa kumwangalia mtu wanayemhoji, anatafuta uongo machoni pangu, na mimi sikupepesa. Hakuupata, kwa sababu haukuwepo. Akageuka akashuka na njia ya bondeni kwa miguu.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu. Mwanzo nilikuandikia uniambie aliko. Sasa siku dada yako akikupigia, ukajua, usiniambie. Nataka nikiulizwa tena niweze kusimama vilevile. Mwambie yeye tu kwamba nyumba ya mama yake haivuji.

Mjomba wako,
Saizi Mulihiwa